Mti Mzee Haupigwi Picha Mbiombio

Sebule nyingi za Kericho na Bomet, kuanzia Litein hadi Mogogosiek, zina ukuta wenye mpangilio unaofanana. Juu kuna picha ya harusi, chini yake ya mahafali, na pembeni ya babu aliyevaa koti zito la baridi. Mahali penye nafasi kubwa zaidi pametundikwa bango la mandhari: mlima wenye theluji, kijumba kando ya ziwa, miti ya ng'ambo ambayo majani yake yamegeuka dhahabu kabla ya kupukutika, na aya ya Biblia chini yake. Mandhari hayo yanapendeza na sina ugomvi nayo. Lakini mgeni anayekunywa chai chini ya bango hilo ameupa mgongo mti uliosimama ng'ambo ya bonde tangu kabla ya babu mwenye koti kuzaliwa, na katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kuupiga picha.

Picha hiyo inastahili kupigwa, kuchapishwa na kutundikwa. Mti mzee ni shahidi wa ardhi. Shahidi huandikwa jina lake, pahali alipokuwa na siku aliyotoa ushahidi, tena huandikwa angali hai.

Chai ndiyo iliyotuzoesha kutazama upande mmoja. Mashamba ya Kericho yanapigika picha kwa urahisi mno. Majani yamekatwa usawa wa kiuno, mistari imefuata mteremko, kijani kimetandazwa kama zulia hadi kwenye ukingo wa anga, na mchumaji mwenye kikapu mgongoni anatokea pale hasa anapohitajika. Hata simu ya bei ya chini, jua la saa mbili asubuhi likiwa limeinuka kidogo, itatoa picha inayofaa kuuzia pakiti ya majani. Picha za namna hiyo zimezunguka dunia miaka na miaka, na sisi wenyewe tumezikubali kuwa ndiyo sura ya nchi.

Sura hiyo ina umri wa karne moja tu. Kampuni ya chai ya Brooke Bond ilifika Kericho mwaka 1924, na African Highlands ya kina James Finlay ikafuata muda mfupi baadaye. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuwanyang'anya Wakipsigis ardhi yao na kuwagawia walowezi. Mwaka 1934 ilitungwa sheria mahususi ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa kiroho, wakapelekwa Gwassi kando ya Ziwa Victoria, penye joto, malaria na mbung'o. Miti nayo ikafyekwa, mteremko baada ya mteremko. Kwa hiyo nikiona picha maridadi ya chai najiuliza palisimama nini hapo, na nani aliyekijua kwa jina.

Miti iliyobaki haiko mbali. Msitu wa Mau Kusini Magharibi unapakana na mashamba ya Kericho na Bomet, na kuna mahali unaweza kusimama mguu mmoja kwenye mwanga wa chai na mwingine kwenye kivuli cha msitu. Pengine kati yao pamepandwa ule mkanda wa Nyayo Tea Zones, uliobuniwa mwaka 1986 ili chai iwe ukuta wa kuzuia watu wasiingie msituni. Mito ya Kiptiget na Itare inatoka humo kwenda Sondu. Nyangores unapita Bomet, unakutana na Amala, nayo kwa pamoja inakuwa Mara, mto uleule ambao nyumbu wanauvuka mbele ya kamera za dunia nzima. Maelfu ya watu wamewapiga picha nyumbu hao. Miti inayoshikilia chemchemi za mto wenyewe, huku juu, haina mpiga picha.

Kuna pia bustani ya miti kwenye bwawa la Chagaik, nje kidogo ya mji wa Kericho, iliyoanzishwa na mkulima wa chai aliyeitwa Tom Grumbley. Mingi ya miti yake ni ya kigeni. Hata hivyo, kwa anayeanza kujifunza, ni darasa zuri, kwa kuwa kila mti umepewa nafasi ya kuonekana peke yake, jambo ambalo msitu hautakupa.

Mzee wa Kipsigis haishii kwenye neno mti. Atakwambia huu ni tendwet, ule saptet, kule mtoni ni lamaiywet, na ule wenye majani mazee ya rangi ya chungwa ni tebeswet. Senetwet, ambao ni kichaka tu, ndio unaotoa mkaa wa kusugulia kibuyu cha maziwa ya mursik. Simotwet, mtini wa porini, uliheshimiwa, na mtu hakuuinulia shoka bila kufikiri. Mji wa Silibwet umechukua jina la mti, na Kapkoros huko Bomet ni jina la mahali pa ibada, walipokusanyika watu kumwomba Asis, Mungu wao. Ukitembea na mtu anayejua majina haya, njia ya kilomita mbili inachukua asubuhi nzima.

Tukae kidogo kwenye tendwet, ambao wataalamu wa mimea wanauita Prunus africana. Ukiwa mbali ni mti mrefu wa kawaida. Ukiusogelea unakuta gome jeusi lililopasuka vipande vya pembe nne, kuvumwani imejaa kwenye nyufa, na siafu wanapanda kwa mstari upande usiopigwa na mvua. Ukikwaruza gome au kuponda jani unasikia harufu ya lozi chungu. Kisha, kimo cha kifua, mara nyingi unakuta kidonda: gome limevuliwa kipande kirefu, mti wa ndani umekauka na kuwa wa kijivu, na pande zote mbili gome jipya limevimba na kujikunja likijaribu kukutana katikati. Gome hilo ni dawa ya nyumbani tangu zamani, na tangu miaka ya 1960 viwanda vya Ulaya vimelitafuta kwa ajili ya dawa ya tezi dume. Biashara ilikua hadi mwaka 1995 mti huu ukaingizwa katika mkataba wa kimataifa wa kudhibiti uuzaji wa viumbe walio hatarini. Aliyevua upande mmoja na kuuacha wa pili aliuachia mti uhai, aliyevua kuzunguka shina lote aliuua, hata kama ulibaki wima kwa miezi kadhaa. Yote hayo yamo kwenye kidonda kimoja, na picha kubwa iliyochapishwa vizuri inampa mtu nafasi ya kukisoma pole pole, bila mbu wala utelezi.

Hiyo ndiyo maana ninayoipa hekima ya mti mzee. Nasema hivyo nikijua kwamba kuna maana nyingine iliyopata umaarufu mkubwa. Tangu Mjerumani Peter Wohlleben alipotoa kitabu chake mwaka 2015, watu wengi duniani wamependa kuamini kwamba miti inazungumza chini ya ardhi kupitia nyuzi za kuvu, kwamba mama anawalisha watoto. Mwaka 2023 wanasayansi wa Kanada na Marekani walipitia ushahidi huo na kusema wazi kwamba yanayodaiwa kuhusu misitu halisi yamezidi yale yaliyothibitishwa. Mimi sihitaji mti unene ndipo niuheshimu. Mwili wake umeweka kumbukumbu za radi, shoka, mzinga, ukame na mvua ya mawe, na mwenye subira anaweza kuzisoma.

Umri wenyewe ni jambo la kutamka kwa tahadhari. Kericho hunyesha karibu mwaka mzima, takriban milimita 2,000, na mti usiopata kiangazi kikali hauandiki duara la kila mwaka waziwazi kama ile ya nchi za baridi. Ukisikia mtu anataja miaka mia tano bila kupepesa, muulize amehesabu nini. Afadhali chukua futi kamba ya fundi cherehani au kipande cha kamba, pima mzunguko wa shina kwa kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, uandike. Atakayekuja baada ya miaka 20 atapima tena mahali hapohapo na kujua mti umekua kiasi gani.

Sasa upigaji wenyewe. Mti wa msituni ni mgumu kupiga, na ndiyo sababu watu hukimbilia chai. Umezungukwa na miti mingine, kijani juu ya kijani, na nyuma yake anga jeupe linaidanganya kamera, shina likatoka jeusi tii. Jua la mchana linazidisha tabu kwa madoa ya mwanga yanayokata shina vipande. Siku ya mawingu ndiyo rafiki. Asubuhi ya ukungu ni bora zaidi, kwa kuwa ukungu unafuta vurugu ya nyuma na kuuacha mti wako mbele. Kwenye simu, gusa shina kwenye kioo kisha punguza au ongeza mwanga kwa kidole mpaka nyufa za gome zionekane, na ukubali anga liharibike. Maliza kabla ya saa nane, kwa maana wa Kericho anajua mvua inayokuja alasiri. Kama unataka kuonyesha mti mzima, usikae chini yake. Vuka bonde, panda mteremko wa pili, utazame kichwa chake kikiwa usawa wa macho yako. Milima yetu imetupa kipimo hicho bure.

Weka pia mtu kwenye picha, si kwa pozi la kukumbatia shina, bali asimame tu, ili anayetazama ajue ukubwa. Mtu anayefaa ni yule anayeishi na mti huo: mwenye shamba, mchungaji wa ng'ombe, mlinzi wa msitu. Na ukiingia msitu wa serikali omba ruhusa kwa ofisi ya misitu, kama ambavyo ungeomba ruhusa kwa mwenye boma.

Wako waliokwenda mbali zaidi katika kazi hii. Beth Moon wa Marekani alitumia takriban miaka 14 kuifuata miti mikongwe duniani, ikiwamo mibuyu ya Madagascar na miti ya damu ya Socotra, akaichapisha kwa madini ya platinamu, chapa isiyofifia kwa urahisi. Kitabu chake kilitoka mwaka 2014. Michael Nichols naye, kwa jarida la National Geographic la Desemba 2012, aliuonyesha msekwoya mmoja wa California wenye umri wa takriban miaka 3,200 kwa kuunganisha picha 126 zilizopigwa kwa kushuka na kamba, kipande baada ya kipande. Alifanya hivyo kwa sababu hakuna pa kusimama ambapo jicho moja linaweza kuuona mti huo mzima. Sisi hatuna platinamu wala mikono ya kutosha kufunga kamba, lakini wazo tunaweza kulichukua: mti mkubwa una haki ya kupigwa picha nyingi.

Kuchapisha ndiko wengi wanakokwama. Picha inapigwa vizuri, inatumwa kwa WhatsApp, programu inaibana, kisha studio inaichapa ikiwa na ukungu usio wa Kericho. Tuma faili lenyewe kama hati, au peleka simu studio. Kamera ya simu ya megapikseli 12 inatosha kabisa kwa karatasi ya A4, na hata kubwa zaidi kidogo. Omba karatasi isiyong'aa, kwa kuwa inayong'aa itakuonyesha dirisha badala ya mti. Uliza kama wino ni wa pigmenti. Ule mwingine wa bei nafuu hufifia ukipigwa na jua. Halafu mwambie fundi wa fremu picha isigusane na kioo. Aweke katikati karatasi nene iliyokatwa dirisha, maana kwa unyevunyevu wetu picha iliyobanwa kwenye kioo hugandana nacho na kuota kuvu pembeni. Itundike ukuta usioangalia jua, mbali na moshi wa jikoni.

Nyuma ya picha andika jina la mti kwa lugha ya mwenyeji, mzunguko wa shina, mwezi na mwaka, na jina la aliyekuonyesha ikiwa ameridhia. Mahali uandike pia, lakini hapa busara inahitajika. Ukirusha mtandaoni picha ya tendwet au msandali pamoja na alama ya ramani, umemwelekeza mwizi wa gome. Andika kijiji kwenye karatasi ya nyumbani, na mtandaoni sema Mau tu, inatosha. Vilevile kuna miti ambayo ni mali kwa namna usiyoiona. Kwa Waogiek, ambao wameishi Mau tangu zamani kwa asali na mawindo, mti wenye mzinga una mwenyewe hata kama hauna ua. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba Kenya ilikiuka haki zao ilipowafukuza msituni, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia. Wanaodai ardhi ya babu zao hutakiwa kuleta ushahidi, na watu ambao kumbukumbu yao imo kwenye miti huumia miti hiyo ikikatwa kabla haijaandikwa popote.

Kuna mti mzee mwingine ambao karibu kila mtu wa Kericho ameugusa na hakuna anayeuita mzee. Huo ni mchai. Ukiachwa bila kuchumwa na kukatwa, mchai unakuwa mti mkubwa hasa. Huko Yunnan, China, watu wanachuma majani kwenye miti ya chai ya karne nyingi, na mwaka 2023 UNESCO iliingiza misitu mikongwe ya chai ya mlima Jingmai katika urithi wa dunia. Mchai wa shamba kwetu unakatwa kila baada ya miaka michache ili ubaki usawa wa kiuno, na unaweza kuendelea kuchumwa kwa karne nzima. Kwa hiyo chini ya uso ule laini unaopendwa na watalii kuna mashina yenye umri wa wazee wa wazee wetu.

Inama uone. Inua matawi ya juu kwa mkono, ulaze kamera karibu na ardhi. Utakuta shina nene lililopinda, limejaa kovu juu ya kovu, kila ngazi ya makovu ikiwa ni msimu wa kukatwa, rangi yake ya kijivu na mabaka ya kuvumwani, na kutoka kwenye kisiki hicho vimechipua vijiti vyembamba vinavyobeba majani ya leo. Michai ya mwanzo ilipandwa kwa mbegu, kila mmoja na umbo lake, tofauti na ile ya vikonyo inayofanana kama pacha. Mashamba yanapopandwa upya michai hiyo ya mbegu inang'olewa, na inakwenda bila hata picha moja ya shina. Kama ningelazimika kuchagua picha moja ya kuieleza Kericho kwa mtu asiyeifahamu, ningeacha ile ya mteremko wa kijani na kuchukua hiyo ya chini, kwa sababu ndani yake kuna kazi ya mikono ya vizazi vitatu.

Je, picha huokoa mti? Mara chache, na ni vizuri kuwa wakweli. Mwaka 2001 zaidi ya hekta 60,000 za Mau ziliondolewa kwenye hifadhi kwa tangazo la serikali, na hakuna picha iliyozuia. Picha za setilaiti zilizochapishwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa katika atlasi ya Kenya ya mwaka 2009 zilionyesha kilichofuata, na ziliwafanya wengi waelewe ukubwa wa hasara ambayo maneno yalikuwa yameshindwa kuieleza. Lakini setilaiti huona msitu, haioni tendwet wa mzee fulani. Kwa mti mmoja mfano mzuri ni mugumo, yaani mtini, wa Waiyaki Way, Nairobi. Barabara ya juu ilipokuwa ikijengwa, mwaka 2020, mti huo ulipangiwa kuondolewa. Watu walipinga, picha zake zikaenea, na Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri ulindwe. Uko pale hadi leo. Uliokolewa na watu waliokuwa tayari kuutetea, na picha zikawapa wengine, wasiopita njia ile, sababu ya kuungana nao. Mti wa bondeni Bureti au Konoin hauna barabara kuu wala wanahabari. Utetezi wake utaanza kwa jirani anayeujua kwa sura.

Ndiyo maana nawaomba wakurugenzi wa viwanda vya chai, sako na makanisa ya Kericho na Bomet, ninyi mnaochapisha kalenda kila mwaka na kuzigawa hadi nyumba ya mwisho kijijini. Mwaka mmoja, acheni picha ya jengo la kiwanda na ya mwenyekiti. Mpeni kijana mmoja wa kata yenu mwenye simu nzuri kazi ya kutafuta miti kumi na miwili mikongwe, aende na mzee anayejua majina. Kila mwezi uwe na mti wake, jina lake kwa Kipsigis, mzunguko wa shina na kata ulipo, na Desemba iwe ya shina la mchai wa kwanza wa eneo lenu, kama bado haujang'olewa. Bajeti ya kalenda ni ileile.